Kumwandaa Mtoto kwa Shule ya Bweni ya Kimataifa Nje ya Nchi: Mwongozo kwa Familia za Mwanza

Barua ya kukubaliwa shuleni inapofika, familia nyingi hukimbilia kununua sanduku, ilhali sanduku ndilo jambo la mwisho katika maandalizi haya. Kazi kubwa iko kwenye karatasi, kwenye afya ya mtoto na kwenye mazungumzo ya nyumbani, na sehemu yake kubwa inaweza kuanza miezi mingi kabla ya barua yenyewe. Mwongozo huu ni kwa ajili ya familia za Mwanza na wilaya zake, kuanzia Magu hadi Sengerema na Ukerewe, zenye mtoto wa miaka 15 hadi 17 anayemaliza kidato cha nne na anayetarajia kwenda kusoma bweni nje ya nchi kwa miaka miwili, iwe kwa ada ya familia au kwa ufadhili.

Kazi ya kwanza ni jina. Kabla ya kujaza fomu yoyote, wekeni mezani cheti cha kuzaliwa cha mtoto, cheti chake cha darasa la saba, fomu ya usajili wa mtihani wa kidato cha nne na cheti cha ubatizo kama kipo, kisha someni majina herufi kwa herufi. Kwetu Usukumani tatizo hili ni la kila siku: karani mmoja ameandika Ng'wandu, mwingine Ngwandu, na wa tatu, kwa kutaka kurahisisha mambo, akaandika Mwandu. Mtaani hao wote ni mtu mmoja na hakuna anayeuliza, lakini ubalozini ni watu watatu. Jina lililosajiliwa Baraza la Mitihani ndilo linalochapwa kwenye cheti, kwa hiyo marekebisho yafanyike shuleni wakati usajili ungali wazi, maana kurekebisha baada ya cheti kutoka ni safari ndefu. Mzazi ajue pia kwamba chini ya ukurasa wa picha wa pasipoti kuna mistari miwili inayosomwa na mashine, na mistari hiyo haina alama ya ritifaa, hivyo Ng'wandu husomeka NGWANDU. Tiketi ya ndege ifuate maandishi hayo. Pale ambapo tofauti ya herufi haiwezi kuondolewa, hati ya kiapo iliyosainiwa mbele ya wakili, inayoeleza kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja, iambatanishwe kila yanapoombwa maelezo.

Mpangilio wa majina nao huleta maswali. Mtoto wetu hubeba jina lake, la baba na la babu, wakati baba huyo naye ana jina lake, la babu na la baba wa babu, na mama ana ukoo mwingine kabisa. Afisa wa viza aliyezoea familia moja kutumia jina moja la mwisho ataona watu watatu wasiohusiana. Jibu la swali hilo ni cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili, na ndiyo maana cheti hicho kinahitajika kikiwa safi, kinachosomeka na kilichotolewa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Tangazo la kizazi la hospitali halitoshi. Cheti hicho hushughulikiwa katika ofisi za wilaya, na kwa familia za visiwani ni vyema kuunganisha safari hiyo na shughuli nyingine za mjini.

Pasipoti huombwa kwa kujaza fomu katika tovuti ya Uhamiaji, kisha fomu iliyochapwa hupelekwa ofisini pamoja na viambatanisho na mtoto mwenyewe. Kinachokwamisha hapa mara nyingi si karatasi za mtoto bali za mzazi, kwa sababu Uhamiaji hutaka uthibitisho wa uraia wa mzazi, na baba aliyezaliwa kijijini miaka ya 1970 huenda hajawahi kuwa na cheti cha kuzaliwa. Kusajili kizazi kwa kuchelewa kunawezekana, ila huchukua muda, hivyo mzazi aanze kujiangalia yeye kabla ya kumwangalia mwanawe. Pasipoti ikitoka, tazameni tarehe ya mwisho wa matumizi: isiishe katikati ya masomo, na kumbukeni kwamba nchi nyingi hutaka iwe na uhai wa miezi sita zaidi ya muda wa safari.

Kalenda yetu na kalenda ya shule za nje hazioani, na pengo hilo lipangiwe mapema. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba na matokeo hutoka karibu na Januari, kidato cha tano huanza Julai, na shule nyingi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini huanza mwishoni mwa Agosti au Septemba, wakati za kusini mwa Afrika nyingi huanza Januari. Maombi na usaili wa ufadhili mara nyingi huwa yameshafanyika kabla matokeo ya taifa hayajatoka, kwa hiyo mwanafunzi huomba kwa kutumia ripoti zake za kidato cha tatu na cha nne, ambazo mkuu wa shule azisaini na kuzipiga muhuri. Maoni yangu, ambayo baadhi ya wazazi huyaona ya woga, ni kwamba nafasi ya kidato cha tano isiachwe hadi viza iwe mkononi. Mtoto aliyeripoti Nsumba au Bwiru mwezi Julai na kuondoka Agosti hajapoteza chochote, lakini aliyekataa nafasi yake halafu viza ikanyimwa hukaa nyumbani mwaka mzima.

Kuhusu fedha, barua ya ufadhili isomwe mstari kwa mstari na mtu asiye na furaha nyingi siku hiyo. Ufadhili wa ada na bweni si lazima uhusishe tiketi, viza, bima ya afya, kompyuta mpakato, ada za mitihani na fedha za matumizi madogo. Yaandikwe yote yasiyotajwa kwenye barua, na shule iulizwe kwa barua pepe, si kwa simu, ili jibu libaki. Mzazi asilipe wakala anayeahidi nafasi. Shule za UWC (United World Colleges), kwa mfano, mtandao ulioanzia Wales mwaka 1962, huchagua wanafunzi wa ufadhili kupitia kamati za kila nchi, na hakuna wakala anayeweza kuuza kiti huko. Inafaa pia kukumbuka kwamba mtandao huohuo una shule Moshi na Arusha tangu mwaka 2019, zinazofundisha mtaala uleule, na kwa mtoto asiye tayari kuvuka bahari hilo si jambo dogo.

Mtaala wenyewe unahitaji mazungumzo marefu kuliko unavyopewa. Nyingi za shule hizi hufundisha Diploma ya IB (International Baccalaureate), iliyoasisiwa Geneva mwaka 1968. Mwanafunzi huchukua masomo sita, matatu kwa kiwango cha juu na matatu kwa kiwango cha kawaida, huandika insha ya utafiti isiyozidi maneno 4,000, husoma nadharia ya maarifa, na hushiriki shughuli za ubunifu, michezo na huduma kwa jamii. Alama za juu kabisa ni 45. Kwa mtoto aliyelelewa akijua kwamba baada ya kidato cha nne mtu anakuwa wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) au wa HGL (historia, jiografia na Kiingereza), huu ni ulimwengu mwingine, kwa kuwa hata anayependa fizikia atalazimika kusoma fasihi na somo la jamii.

Hapa ndipo penye mtego kwa familia inayotaka mtoto arudi kusoma udaktari nyumbani, tuseme Bugando. Vyuo vyetu hutaka ufaulu wa fizikia, kemia na baiolojia, yote matatu, ilhali mpangilio wa kawaida wa IB huruhusu sayansi mbili tu kati ya hizo. Sayansi ya tatu huwezekana kwa kibali maalumu, kinachoombwa na shule kwa hoja kwamba chuo anachokusudia mwanafunzi kinadai hivyo. Kibali hicho huombwa mwanzoni, si baada ya mwaka mmoja, kwa hiyo mtoto aondoke Mwanza akiwa na nakala ya masharti ya udahili wa chuo kimoja au viwili vya Tanzania. Mwisho wa masomo, Baraza la Mitihani ndilo linalolinganisha vyeti vya sekondari vya nje na vya kwetu, na mzazi aulize mapema ni nyaraka gani zitahitajika siku hiyo.

Kiswahili nacho kina nafasi yake katika mtaala huo. Mwanafunzi anaweza kukichukua kama lugha yake ya kwanza hata pale ambapo shule haina mwalimu wa Kiswahili, kwa utaratibu wa kujisomea chini ya usimamizi wa shule, kwa kiwango cha kawaida. Ushauri wangu ni kwamba akichukue. Ni mahali pekee katika ratiba atakapokuwa mbele ya wenzake, na riwaya, tamthilia na diwani atakazohitaji ni rahisi kuzipata hapa kuliko huko, hivyo zitengewe kilo mbili au tatu za mzigo.

Masharti ya viza hutofautiana kwa nchi na hubadilika mara kwa mara, ya Marekani hasa, na ndiyo sababu mzazi athibitishe kwenye tovuti ya ubalozi husika kwamba viza za wanafunzi zinatolewa kwa Watanzania kabla hajalipa amana ya shule. Uingereza ina viza maalumu ya mwanafunzi mtoto, kuanzia miaka 4 hadi 17, inayohitaji namba ya uthibitisho kutoka shuleni, ridhaa ya maandishi ya wazazi, na kipimo cha kifua kikuu kutoka kliniki iliyoidhinishwa na serikali yao; cheti cha hospitali nyingine yoyote, hata kubwa, hakipokelewi. Afrika Kusini humruhusu Mtanzania kutembelea bila viza kwa siku 90, na wapo wanaodhani ruhusa hiyo inatosha kuanzia shule, kumbe masomo yana kibali chake kinachoombwa kabla ya kuondoka. Kwa kuwa balozi nyingi ziko Dar es Salaam, bajeti iwe na angalau safari moja ya huko kwa ajili ya alama za vidole au usaili. Taarifa za benki zionyeshe fedha zilizokaa kwa muda. Akaunti iliyokuwa tupu Mei na kujaa milioni kadhaa Juni, kwa mchango wa ukoo mzima, itaulizwa, na jibu la kweli lenye barua za waliochangia ni bora kuliko kimya.

Afya ndiyo sehemu ninayowaomba wazazi wasiipitie juujuu, kwa sababu mtoto wa kandokando ya ziwa hubeba mambo ambayo nesi wa shule ya ugenini hajawahi kuyaona. La kwanza ni malaria. Vimelea huweza kukaa mwilini wiki kadhaa kabla ya homa kuanza, na homa ikianza Oktoba katika bweni lenye baridi, kila mtu atadhani ni mafua. Mtoto afundishwe sentensi moja ya kumwambia nesi bila aibu: kwamba ametoka eneo lenye malaria na anaomba apimwe damu leo. Sentensi hiyo iandikwe pia kwenye fomu ya afya ya shule. Jambo la pili ambalo wengi hawalijui ni kwamba kinga ya kuzoea malaria, aliyoijenga kwa miaka yote ya kukua hapa, hupungua akikaa mbali. Akirudi likizo baada ya mwaka au miwili, alale ndani ya chandarua na atumie dawa za kinga kama mgeni, hata kama wadogo zake watamcheka.

Kichocho ni cha kwetu vilevile. Aliyekulia Igombe, Kayenze au Nansio, aliyeogelea na kuchota maji ziwani, apimwe choo kabla ya kuondoka na atibiwe kwa prasikwantel. Dawa hiyo huua minyoo iliyokomaa lakini haiwezi vizuri ile michanga, kwa hiyo mtoto aache kuogelea ziwani miezi miwili au mitatu kabla ya safari, kisha ndipo apimwe na kutibiwa. Kuogelea wiki ya kuagana na marafiki, halafu kumeza dawa siku inayofuata, ni kujidanganya. Kwa watu wa Kanda ya Ziwa kipimo cha selimundu (sikoseli) nacho ni cha lazima kwa maoni yangu, kwani mtoto anayebeba vinasaba hivyo anaweza asijue hadi siku ya michezo mizito ya milimani.

Chanjo zithibitishwe kwa kadi. Tafuteni kadi ya kliniki ya utotoni, ile aliyopimiwa uzito akiwa mchanga, kwa sababu shule nyingi hutaka tarehe za chanjo za surua na nyinginezo. Ikiwa imepotea, daktari aeleze kwa maandishi ni zipi zimerudiwa. Cheti cha homa ya manjano huanza kutambuliwa siku ya 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 kinadumu maisha yote, hivyo hakuna haja ya kukinunua upya kwa yeyote anayedai kimeisha muda. Kinachouzwa bila sindano ni kosa la jinai, na ni hatari pia kwa mtoto.

Mtoto wa Kitanzania aliyesoma bweni ana faida asiyoijua. Amezoea kengele, prepo, foleni ya chakula, kufua mwenyewe na matroni mkali. Wenzake wengi watakuwa wanaondoka nyumbani kwa mara ya kwanza. Kinachomtatiza ni darasa. Hapa amefundishwa kunakili ubaoni, kukariri na kunyamaza mkubwa anapozungumza, wakati huko atapewa alama kwa kuuliza na hata kwa kupinga kwa hoja, na ukimya wake utasomwa kuwa hajajiandaa. Macho aliyoyainamisha kwa heshima yataonekana ya mtu anayeficha jambo. Hili huweza kuzoezwa nyumbani: kwa miezi michache, baada ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku, baba au mjomba amtake mtoto atoe maoni yake kwa Kiingereza na kuyatetea, na wakubwa wavumilie kupingwa. Azoee pia kusoma vitabu vizima, si muhtasari, kwa kuwa kusoma ndiko kunakojenga Kiingereza cha insha; maktaba ya mkoa ni pa kuanzia. Na aelezwe waziwazi kwamba kunakili maneno ya mtu au ya mashine bila kumtaja mwenyewe, jambo linalopita bila kelele katika shule zetu nyingi, huko linaweza kumfutia diploma yote.

Sasa sanduku. Koti zito la baridi linunuliwe hapa, kwenye mitumba ya Mlango Mmoja, ambako makoti ya namna hiyo huwa hayana wateja wengi kwa hali ya hewa yetu. Moja tu, la kumfikisha. Viatu vya theluji na mengine yanunuliwe huko baada ya kuona wenzake wanavaa nini. Abebe adapta ya plagi, shuka au kanga ya nyumbani, na nguo moja nzuri ya sherehe, kwani shule hizi hupenda siku za tamaduni. Kuhusu chakula, nchi nyingi hukataza nyama na maziwa, na chochote kingine hutakiwa kutajwa kwa afisa wa forodha. Dagaa wakavu wa Mwaloni wana harufu itakayolitangaza begi kabla ya mwenyewe, na bwenini hawatamletea marafiki. Michembe, yaani vipande vya viazi vitamu vilivyoanikwa, iliyokauka vizuri na kufungwa kiwandani au kwa mashine ina nafasi nzuri zaidi, mradi sheria ya nchi husika iwe imesomwa.

Njia ya kufika uwanjani ipangwe kinyumenyume kutoka saa ya ndege ya kimataifa. Tiketi inayosema saa 01:30 tarehe 20 ni ya usiku wa kuamkia tarehe 20, saa saba na nusu kwa hesabu yetu; abiria anatakiwa awe uwanjani usiku wa tarehe 19. Wanaoripoti usiku wa tarehe 20 hukuta ndege imeondoka tangu usiku uliotangulia. Kama ndege ya Mwanza na ile ya kimataifa zimekatwa kwa tiketi mbili tofauti, kuchelewa kwa ya kwanza hakumhusu mwenye ya pili, kwa hiyo mtoto alale Dar es Salaam usiku mmoja kwa ndugu. Anayekwenda kwa basi kutoka Nyegezi aongeze siku nzima. Ndege nyingi za nje huondokea jengo la tatu la abiria la uwanja wa Julius Nyerere, na mtoto aliye chini ya miaka 18 awe na barua ya ridhaa ya wazazi wote wawili iliyothibitishwa na wakili, hata kama anasafiri na mmoja wao. Karatasi zote ziwe kwenye begi la mkononi.

Kabla hajaondoka, kubalianeni lini mtapigiana simu, mkizingatia tofauti ya saa na prepo yake, na msiruhusu kila shangazi apige kwa wakati wake. Wiki za mwanzo atalia. Asikilizwe, lakini asiahidiwe tiketi ya kurudi. Ulizeni shule kuhusu likizo fupi, kwa kuwa mabweni mengi hufungwa katikati ya muhula na mtoto asiye na mlezi katika nchi hiyo hukosa pa kulala. Jina na anuani ya mlezi huyo vipatikane kabla ya safari, na mzazi azungumze naye mwenyewe. Likizo ndefu ya kwanza ikifika, mwanafunzi akague kibali chake cha kuishi nchini humo kama kinamruhusu kutoka na kuingia tena, abebe barua ya shule inayoonyesha tarehe ya kurudi masomoni, na dawa za kinga ya malaria aanze kuzimeza kwa ratiba ya daktari kabla ndege haijatua.